Paa la Mama Emérence

"Ficha mikono," Ulrich alisema walipofika kwenye reli.

Rosebella alicheka, ila kicheko chenyewe hakikufika mbali. "Nitakula na nini basi? Na miguu?"

"Sifanyi mchezo, Rose. Mama akikusalimia anashika mikono yote miwili, anakaa nayo. Ataiona. Atauliza."

"Na akiuliza?"

 Ulrich alisimama kati ya mataruma, shati lake jeupe alilojishonea mwenyewe limeanza kumganda mgongoni, akamtazama. Macho hayo ndiyo yaliyomponza Rosebella tangu mwanzo. Siku aliyompelekea suruali yake ya kazi kule soko la Owino, imepasuka magotini, mafundi wengine wa cherehani walimwuliza mume wake yuko wapi hata avae suruali yake. Ulrich aliigeuzageuza ile suruali, kisha akamwinulia macho na kuuliza, "Ukiwa unapanda, inakubana wapi?" Swali hilo tu. Usiku ule Rosebella hakulala vizuri.

Kwa maana Rosebella alikuwa fundi wa mabati. Baba yake, mzee Khisa wa Bungoma, alizaa mabinti watupu, na alipoanza kuumwa mgongo alimfundisha huyu mkubwa kupaua nyumba. Watu walisema mwanamke akipanda paa anamwitia mume kifo, mzee akaziba masikio. Sasa Rosebella alifanya kazi hiyo mtaa wa Kamwokya, Kampala, katika kundi la fundi mmoja aitwaye Ogwal, ambaye hakujali nani anapiga msumari mradi bati halivuji.

"Mwambie ukweli mimi ni nani," Rosebella alisema. "Uongo utanitoka tu usoni."

"Nitamwambia. Ila leo akuone wewe kwanza, asione paa."

"Ulrich, mimi naogopa."

"Unamwogopa mama? Ni mfupi hivi." Aliweka kiganja usawa wa kifua.

Hakuwa akimwogopa mama. Alikuwa akiogopa kitu ambacho Ulrich alikijua lakini alikichukulia kijuujuu. Kabla ya Ulrich kulikuwa na mchumba mwingine, Okinyi. Okinyi alikuwa akijenga nyumba yao, na Rosebella, kwa mapenzi na kwa ujinga wa furaha, akaipaua kwa mikono yake mwenyewe. Hata rangi haijakauka, lori lilimgonga Okinyi kwenye barabara ya Busia. Msibani shangazi zake Okinyi walimzuia Rosebella asilikaribie jeneza. "Alipanda nyumba ya mume," walisema, bila hata kushusha sauti. "Alimkalia kichwani." Rosebella akakimbilia Kampala na maneno hayo yakamfuata. Mchana aliyakataa. Lakini kila Ulrich alipochelewa kupiga simu, alijikuta akihesabu mapaa aliyopanda wiki ile kama mtu anayehesabu dhambi.

"Lori halina habari na paa," Ulrich alikuwa amemwambia. Ni rahisi kusema hivyo ikiwa si wewe unayesubiri simu.

Waliteremka hadi chini kabisa Namuwongo, karibu na mfereji. Nyumba ya Mama Emérence ilikuwa ya vyumba viwili, bati lake la kutu limekandamizwa kwa mawe na matairi makuukuu. Juu yake ulipita waya wa umeme uliovutwa kutoka nguzo ya jirani kwenda nyumba nyingine, ganda limeliwa na jua. Rosebella hakutaka kuangalia, lakini macho ya fundi hayana adabu. Aliona misumari imeinuka upande mzima wa mashariki. Aliona wingu zito nyuma ya mlima. Akashusha macho.

"Karibu, mutoto," Mama Emérence alisema mlangoni. Kweli alikuwa mfupi. Alivaa kitenge cheusi, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyezoea kutosikika ili asipatikane. Alichukua mikono yote miwili ya Rosebella. Akakaa nayo. Akaigeuza, viganja juu, akapitisha kidole gumba kwenye masugu na kwenye kovu refu la bati.

"Mikono hii inafanya kazi gani?"

"Yuko dukani, mama," Ulrich alidakia. "Kwenye duka la—"

"Sikukuuliza weye."

Rosebella aliiacha mikono pale pale. "Napaua nyumba, mama. Napiga mabati."

Ulrich alifumba macho. Mama Emérence aliiachia ile mikono taratibu, kama anayeweka chini sufuria ya moto.

"Nilijua," alisema. "Batu walikuona kule Kamwokya. Nilitaka kusikia kama utanidanganya. Ingieni, chakula iko karibu."

Ndani palinukia sombe, yale majani ya muhogo, na samaki. Mama alikaa mbele ya jiko akisonga bugali, mwiko ukizunguka polepole, na bila kumtazama mtu akaanza kusimulia.

"Kwetu kulikuwa na mwanamuke, bwana yake mugonjwa. Mvua ikavuja kwenye kitanda. Mwanamuke akasema, juu ya nini nimuamshe? Akapanda juu ya nyumba mwenyewe. Akaziba tundu. Akashuka na furaha, akaingia kuona. Maji haimuangukii tena bwana. Lakini bwana amekwisha kuwa baridi."

 Rosebella aliijua hadithi hiyo. Bibi yake alimsimulia Bungoma, majina mengine, ugonjwa mwingine, maiti yule yule. Shangazi wa Okinyi aliirudia msibani, akimwangalia usoni. Sasa imevuka mpaka na kumngoja hapa Namuwongo, karibu na chungu cha sombe.

"Mama," aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilimshtua kwa udogo wake, "yule mwanamke angefanya nini?"

"Angeita mwanaume."

"Na kama hakuna mwanaume karibu?"

"Angeacha ivuje."

 Mama Emérence aliuchomoa mwiko, akaupangusa, akauweka kando. Alipogeuka macho yake yalikuwa yamejaa maji, na Rosebella alielewa kwamba huyu mama hana chuki naye. Anaogopa tu. Anaogopa kama yeye anavyoogopa.

"Tulitoka Bukavu batu sita," Mama alisema. "Bwana yangu na batoto wengine sikuwazika hata. Niliwaacha njiani, na majani juu yao. Huyu njo alibaki. Huyu moja. Unaelewa, mutoto? Miye sina mwingine wa kujaribu nae kama hadithi ni ya uongo."

"Naelewa, mama."

"Basi niapie. Hutapanda tena. Nikupe mutoto wangu na mikono yangu miwili."

Rosebella alimtazama Ulrich. Alimwomba kwa macho: sema kitu. Ulrich aliinamisha kichwa, akawa anavuta uzi uliochomoza kwenye mkono wa shati. Kimya chake kilimkata kuliko bati. *Kumbe na wewe,* aliwaza. *Kumbe usiku na wewe unaniogopa.*

"Naapa," alisema. "Sitapanda tena."

Maneno yalimtoka kirahisi mno. Alijiona akiwa ameketi mahali fulani chini, milele, akitazama wengine wakipiga misumari vibaya.

Hapo ndipo Ulrich aliposimama. 

"Hapana, mama. Sikumleta hapa avuliwe kazi yake kama shati la mtu mwingine."

"Ulrich, kaa chini."

"Nimekaa chini sana! Nilipoanza kushona ulilia mwezi mzima, eti cherehani ni kazi ya wanawake. Leo unakula kwa cherehani. Na yeye nimempenda akiwa juu ya nyumba, mama. Nilipita Kamwokya nikamwona amesimama juu na misumari mdomoni, nikasema, Mungu wangu, huyo haogopi kitu."

"Naogopa," Rosebella alisema. "Naogopa kila siku, Ulrich. Hukuniuliza tu."

Walitazamana. Na katika kutazamana huko upepo ulikuja.

Haukubisha hodi. Ulishuka kutoka mlimani na vumbi na takataka za mtaa mzima, mlango ukajipiga ukutani, na juu ya vichwa vyao bati likaanza kupumua: likainuka, likashuka, likainuka. Jiwe moja lilibingirika paani. Taa ikazimika. Mvua ikamwagika kama iliyokuwa imezuiliwa, na kupitia upenyo wa mashariki ikaingia moja kwa moja kwenye kitanda cha Mama Emérence.

"Bati linakwenda," Rosebella alisema akisimama. Kisha akakumbuka kiapo, akabaki pale pale, mikono inaning'inia.

Ulrich alimwona. Alimwona akijizuia, na aibu ikamjaa. "Mama ametaka mwanaume juu ya paa," alisema. "Nitapanda mimi."

"Wewe huwezi hata kusimama juu ya kiti!" Rosebella alisema.

Lakini alikwisha kutoka. Alichukua ngazi ya miti ya jirani yao Abudu, akaiegemeza ukutani, akapanda huku amefumba jicho moja. Rosebella alikuwa nyuma yake, mvua ikimpiga usoni.

"Kanyaga penye misumari!" alimpigia kelele. "Mbao ziko chini ya misumari! Ulrich, si hapo! Ulrich!"

Alikanyaga hapo hapo. Bati lililoliwa na kutu lilipasuka, mguu wake ukazama hadi pajani, na bati likamng'ata. Alipiga ukelele ambao Rosebella hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima. Bati jingine liling'oka, likageuzwa na upepo, likaukumba ule waya, waya ukakatika upande mmoja na kuanguka juu ya paa, ncha yake ya shaba imelala kwenye maji, jirani na kiwiko cha Ulrich.

Upepo ukatulia ghafla. Mvua ikabaki manyunyu. Majirani walikuwa wametoka.

Abudu, mwanaume wa miraba minne, mbeba mizigo wa sokoni, alikuja mbio hadi kwenye ngazi. Alipouona waya alirudi nyuma.

"Banange! Mutu asiguse! Umeme imepotea sasa, lakini ikirudi, nyabo, hiyo paa yote ni moto."

"Zimeni huko kwenye nguzo!" Rosebella alisema. "Kateni waya kule!"

"Nguzo iko ndani ya ukuta ya jirani wa kule. Amefunga, ameenda kanisani."

"Basi panda umtoe, kaka. Tafadhali. Wewe una nguvu."

"Mimi niko na watoto, nyabo." Aliangalia chini. "Samahani. Niko na watoto."

Wanaume wengine walikuwa hatua kadhaa nyuma yake, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Rose," Ulrich aliita kutoka juu. Sauti ilikuwa imekonda. "Siwezi kujitoa. Mguu unavuja damu."

"Usisogeze mkono! Mkono wa kushoto, usiusogeze kabisa!"

Alishika ngazi. Wakati huo huo mikono ikamshika yeye, kitenge chake, kiunoni. Mama Emérence alikuwa amepiga magoti kwenye tope.

"Umeniapia! Umeniapia sasa hivi, chakula ingali moto! Usipande, mutoto wangu, utamumaliza!"

"Mama, umeme ukirudi atakufa."

"Ukipanda atakufa!"

Na jambo la kutisha ni kwamba nusu ya moyo wa Rosebella ilikubaliana naye. Alimwona Okinyi, aliziona nyuso za wale shangazi, akaona jinsi kila kitu kilivyojipanga tena: mwanaume, nyumba, yeye na ngazi. Alijua akimtoa Ulrich leo na Ulrich akafa mwakani, watasema ni leo. Na yeye mwenyewe ataamini. 

Alimwinamia yule mama hadi mapaji ya nyuso zao yakakaribiana.

"Huenda ni kweli," alimwambia. "Sijui, mama. Huenda mimi ndiye niliyemuua wa kwanza. Lakini siwezi kusimama hapa nikamtazama. Nikimuua, nimuue nikiwa namvuta. Niache."

 Vidole vya Mama Emérence vikalegea.

"Nahitaji kitu cha mbao," Rosebella alisema. "Kikavu. Kirefu."

Alikwisha kufunga kitenge mapajani na kuvua viatu aliposikia mlango. Mama alitoka ndani na mwiko wa bugali umefungwa kwenye nguo kavu. Akampa.

Ngazi ilianza kuteleza alipokanyaga kipago cha pili. Hakukuwa na wa kuishika, kila mtu alikuwa akiogopa ule waya. Aliteleza, goti likagonga ukuta. Akapanda tena, ngazi ikayumba. Kisha ikatulia. Ikawa imara kama iliyochimbiwa. Hakuangalia chini kuona ni nani.

Alilala kifudifudi juu ya mstari wa misumari, akajivuta. Bati lilikuwa baridi. Kila alipogusa alingoja kifo kimwingie kupitia tumboni.

"Rose, rudi," Ulrich alinong'ona. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Rudi, tafadhali. Mimi sikukuambia kitu pale mbele ya mama. Nilinyamaza. Sistahili."

"Nyamaza tena basi."

"Nilinyamaza kwa sababu na mimi... usiku mwingine ninaota—"

"Najua. Nimeona." Alifungua ule mwiko, akaushika kwa nguo kavu.  "Tutazungumza tukiwa hai. Usipumue."

Aliingiza mwiko chini ya waya. Waya ulijikunja kama nyoka, ukaelekea kwenye kiwiko. Ulrich alitoa sauti ndogo. Rosebella akauma midomo, akaufuata, akauinua na kuusukuma, na kuusukuma, hadi ukaporomoka ukingoni na kuning'inia hadi kwenye maji ya mtaro nje.

"Ondokeni kwenye mtaro!" alipiga kelele. "Wote!"

Kisha akamgeukia. Alilikunja lile bati lililopasuka kwa mikono mitupu, ile mikono aliyotakiwa kuificha, akazungushia ile nguo ya mwiko ukingo wake mkali, akampitishia Ulrich mkono chini ya kwapa. Walikuwa shavu kwa shavu. Alinusa damu, mvua, na sabuni ya shati lake.

"Nikisema sasa, nisukume mimi, usisukume bati. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa."

Mguu ukachomoka. Walijivuta pamoja kama mijusi, akamwonyesha mahali pa kukanyaga kipago kwa kipago. Miguu ya Ulrich ilipogusa tope alianguka, na Rosebella akaanguka juu yake, akabaki hapo akimshika shingoni, akihisi mshipa wake ukipiga, ukipiga.

Na kule mtaani redio ikaanza kuimba. Televisheni ikazungumza. Taa ya Mama Emérence ikawaka. Mtaroni, pale ncha ya waya ilipokuwa ikigusa maji, cheche za samawati ziliruka na kupiga mlio kama mafuta ya moto, kisha waya ukajikata wenyewe huko nguzoni na moshi ukapaa.



Mama Emérence alikuwa bado ameishika ngazi. Alikuwa ameikumbatia kwa mikono miwili, shavu limebanwa kwenye mti, miguu mitupu imezama kwenye tope. Ilibidi Abudu amwachanishe vidole. Alitembea hadi kwa Ulrich, akampiga kofi zito la shavu, kisha akamkumbatia kichwa na kulia bila sauti, mabega tu yakiruka.

Nyuma yao mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, si kwa siri sana, kwamba hata kama kijana amepona leo, mwanamke aliyekanyaga paa ni mwanamke aliyekanyaga paa.

Rosebella alilisikia neno hilo. Lilimwingia mahali pale pale pa zamani. Alijiinua, akaanza kutafuta viatu vyake kwenye tope.

"Nimevunja kiapo, mama," alisema. "Nitakwenda. Mpelekeni kliniki, kidonda kishonwe."

"Unaenda wapi?"

Mama Emérence alikuwa amesimama. Aligeuka kwanza kwa majirani, na ile sauti yake ya chini ikapanda kwa mara ya kwanza.

"Mumeona nani alishika ngazi?" aliuliza. "Mumeona? Miye. Mama yake. Kama kuna kifo kilipanda na huyu mutoto, kilipitia mu mikono yangu. Ikija kutafuta mutu, ianze na miye. Mwenye neno aseme sasa, asingoje musiba."

Yule mwanamke aliingia ndani kwake. Abudu, aibu bado imemkaa machoni, alimwinua Ulrich na kumbeba mgongoni. Ulrich alinyoosha mkono akaukamata wa Rosebella, akaugeuza, akabusu kiganja mbele ya mama yake na mtaa mzima, kiganja chenye damu na kutu.

"Ningoje," alisema. "Usiende Kamwokya. Ningoje hapa nikishonwa."

"Nitangoja."

Walipoondoka, Rosebella na Mama Emérence walibaki uani. Mvua ilikuwa imeacha, lakini nyuma ya mlima wingu jingine lilikuwa linajikusanya. Bati lililong'oka lilikuwa limelala ukingoni mwa paa, na kitanda ndani kilikuwa kinadondokewa.

Mama Emérence alilitazama wingu. Akalitazama paa. Akaenda pale ukutani, akaisimamisha ngazi vizuri, akaitikisa kuona kama imeshika.

"Nyundo ya bwana yangu iko chini ya kitanda," alisema. "Misumari pia iko."

 Sasa hapakuwa na waya. Hapakuwa na mtu wa kuokoa. Ilikuwa nyumba tu, na bati, na mwanamke.

"Mama, naogopa."

"Na miye naogopa," Mama Emérence alisema, akaishika ngazi kwa mikono yote miwili. "Panda."